Ushahidi wa Meno

Jirani yangu mmoja huchoma mahindi kando ya barabara, na kila jioni anapofunga kazi huyamwagia maji makaa yaliyobaki ili ayatumie kesho. Harufu ya makaa yaliyolowa huingia kwa dirisha langu, na kabla sijafikiri lolote, ulimi wangu huwa umekwisha kwenda kupapasa ufizi wa mbele, upande wa juu, mahali ambapo nyama ilirudi nyuma nilipokuwa na miaka kumi na haikukua tena. Mtu akinikuta wakati huo hudhani nimekwamwa na mwiba wa samaki. Ni makaa tu. Niliwahi kuyasaga, kuyachanganya na maji na kuyasugua kinywani asubuhi, mchana na jioni, kwa majuma kumi, nikijaribu kujitoa katika kesi ambayo shahidi wake mkuu alikuwa kinywani mwangu mwenyewe.

Tuliishi katika shamba moja chini ya mlima Menengai, upande wa njia ya Solai. Lilikuwa la Mzungu. Alipoondoka lilinunuliwa na watu waliojiunga kwa hisa, na baba yangu akawa mmoja wao. Mzungu aliacha ng'ombe wachache, nyumba ya mawe ambayo tuliigeuza kuwa shule, na kisima kilichochimbwa kwa mashine. Kisima hicho kilikuwa fahari yetu. Injini ya dizeli ilivuta maji kutoka chini sana na kuyapandisha kwenye tangi la bati lililosimama juu ya nguzo za mawe. Mzee Cheruiyot, mtunza injini, ambaye alizaliwa hapo hapo shambani, alipenda kuwaambia wageni, "Kunywa bila wasiwasi. Hii maji haijawahi kuona chura." Yalikuwa maangavu kama kioo, vuguvugu kidogo, laini ulimini. Huko Subukia alikokaa nyanya yangu walikunywa maji ya kijito, na mvua ikinyesha maji hayo yalikuwa na rangi ya chai. Tuliwahurumia.

Sisi watoto wa shamba tulikuwa na meno ya kahawia. Hayakuwa na rangi moja. Wengine walikuwa na mistari, wengine madoa, na wengine meno yao yalifanana na maharagwe mekundu. Yangu yalikuwa ya aina hiyo ya mwisho. Wazazi wetu, waliohamia pale wakiwa watu wazima, walikuwa na meno meupe. Mzee Cheruiyot alikuwa na meno ya kahawia, lakini yeye alivuta kiko, kwa hiyo yake yalikuwa na maelezo. Ndivyo mambo yalivyopangwa: kwa mtu mzima, ni tumbaku, kwa mtoto, ni uvivu wa kupiga mswaki. Hakuna aliyeuliza zaidi. Jibu lilikuwa limepatikana, na jibu likipatikana watu hurudi kazini.

Uthibitisho wa jibu hilo ulilala nami kitanda kimoja. Dada yangu Wangare alilelewa na nyanya Subukia mpaka alipotimiza miaka tisa, kisha akaletwa shambani amsaidie mama. Alikuja na meno meupe kama mahindi mabichi. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kijiti chake cha mswaki, akasugua taratibu huku akijitazama katika kioo cha baba cha kunyolea, akatema kwa madaha. Mama alinigeukia na kusema, "Mwangalie dada yako. Huyo anajua kujitunza." Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuona kwamba tuliisoma habari hiyo kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wangare hakuwa na meno meupe kwa sababu alipenda kuyasugua. Alipenda kuyasugua kwa sababu yalikuwa meupe. Mimi nilipiga mswaki kama mtu anayefagia uwanja huku upepo unavuma.

Mwalimu Obadia, mwalimu mkuu wetu, alikuja kutoka magharibi nilipokuwa darasa la kwanza. Nataka kumtendea haki. Hakuwa mkatili. Mashati yake yalipigwa pasi hata siku za matope, alifundisha hesabu kwa subira kubwa, na hakumchapa mtoto kwa kutojua. Alichapa kwa uchafu tu. Kila Jumatatu alitupanga mstari mbele ya nyumba ya mawe akakagua kucha, nywele, kola, na mwisho meno. Alikuwa na binti mdogo, Rebeka, aliyekuja pale akiwa na miaka mitatu hivi. Alipofika miaka mitano, mwalimu alimleta mbele yetu na kumwambia afungue kinywa. Vijino vilimetameta.

"Huyu hata kufunga kamba ya kiatu hajui," alisema. "Lakini mswaki anajua. Nyinyi wazee wa miaka kumi mnashindwa na huyu? Dalili ya mvua ni nini?"

"Ni mawingu!" tulijibu kwa pamoja, vinywa vimefungwa nusu.

Alikuwa ameona jambo jingine pia, na aliliona sawasawa. Watoto wenye meno ya kahawia zaidi hawakujibu maswali darasani. Alisema uchafu wa kinywa hupanda hadi kichwani. Kweli hatukujibu. Ukijibu, unafungua kinywa. Ukifungua kinywa, nyuma yako mtu ananong'ona "kutu, kutu", na mara nyingi mnong'onaji huyo ana kutu yake mwenyewe. Tulijifunza kuongea kwa midomo iliyokazwa kama mfuko wenye uzi. Mwalimu aliona ukimya wetu akauita ujinga, akaona meno akayaita mzizi wa ujinga, na hesabu yake ikatimia bila salio.

Nilipoingia darasa la nne nikawa chini ya mkono wake moja kwa moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, muhula wa pili, mwezi wa tano. Jumatatu hiyo alisimama mbele yangu muda mrefu kuliko kawaida.

"Njeri. Umepiga mswaki leo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na jana?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na Jumamosi?"

"Nilipiga, mwalimu."

"Basi hapa kuna waongo. Ama ni wewe, ama ni meno. Na meno hayana ulimi."

Watoto walicheka. Ningenyamaza, yangeisha kwa viboko viwili. Lakini nilikuwa mtoto aliyependa mambo yanyooke, na nilikuwa nimepiga mswaki. Nikasema, "Hata nikisugua, mwalimu, madoa hayatoki."

Sikulisema kwa kiburi. Nililisema kama mtu anayetoa taarifa. Lakini hapo hapo nikajua nimejifungia mlango kwa ndani.

"Hayatoki," alirudia. "Sawa. Nenda nyumbani. Utarudi siku yatakapotoka."

Nilitembea nyumbani nikiwa na begi langu la kitambaa, nikajaribu kutafuta njia ya kutokea. Sikuiona. Nikificha meno, nina hatia ninayoificha. Nikiyaonyesha, hatia ndiyo ile inaonekana. Nikilia, watasema dhamira inanisuta. Nilipofika na kuyasugua kwa majivu mpaka damu ikatoka, mama alininyanyua kidevu akaangalia, akasikitika. "Unaona sasa? Uchafu umeshakula mpaka nyama."

Mama aliniita "mama" nilipokuwa mtoto mwema, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. Kuanzia siku hiyo aliniita Njeri.

Baba hakupaza sauti. Aliheshimu walimu kuliko alivyoheshimu mvua. Alisema, "Mtoto aliyefukuzwa na mwalimu na si mgonjwa, atafanya kazi." Kazi ilikuwepo: mama alikamua ng'ombe wa shamba, na mdogo wetu Kimani alikuwa na miezi minane. Nikawa yaya wake. Lakini hiyo ilikuwa ya muda tu. Dada yake baba, Tata Wambui, aliishi Nakuru mjini, na alikuwa akitafuta msichana wa kumlelea watoto wake. Baba alimpelekea habari kwamba ikiwa shule zitafungwa mwezi wa nane kabla sijarudishwa darasani, aje anichukue. Niliwafahamu wasichana waliochukuliwa hivyo. Walirudi kutembea sikukuu ya Krismasi, wamevaa viatu, wakazungumza kwa upole na kujua kupika chapati, na hakuna hata mmoja aliyerudi shuleni. Mimi, katika hesabu, nilikuwa nimefika kwenye mgawanyo mrefu. Nilitaka kujua unaishia wapi.

Basi nilikuwa na majuma kumi ya kuyafanya meno yangu meupe.

Nililifanya kwa utaratibu. Upande wa kushoto nilisugua kwa majivu. Upande wa kulia, kwa mchanga mwembamba wa korongoni. Ya mbele, yaliyonishtaki zaidi, niliyapa makaa yaliyosagwa, na yalipokataa nikachukua lile jiwe jepesi lenye matundu, ambalo kwetu limetapakaa kila mahali na watu hulitumia kusugulia visigino. Kila baada ya kusugua nilisukutua kwa maji ya tangi, kikombe baada ya kikombe, na kuyameza, maana mama alisema maji husafisha hata ndani. Kila Jumapili nilichukua kile kioo cha baba na kupima. Mwisho wa juma la nne upande wa kushoto na wa kulia ulikuwa sawa kabisa, na rangi ilikuwa ile ile ya mwanzo. Mtu mwenye akili angesema hakuna dawa hata moja iliyofanya kazi. Mimi nilihitimisha kwamba zote tatu zinafanya kazi kwa kasi moja, ila polepole, nikaongeza muda.

Kuchota maji kulinipa saa moja ya kusimama foleni kila siku, na mtu aliyefungiwa nje ya shule hana budi kusoma kitu. Nilisoma vinywa. Nilimtazama kila aliyekuja na debe, akicheka au akipiga miayo, halafu nikamuuliza alizaliwa wapi. Watu walidhani nina adabu. Baada ya majuma mawili nilikuwa na orodha nyuma ya daftari langu la hesabu. Watoto waliozaliwa shambani: kahawia, wachafu na wasafi sawia. Watoto waliohamia wakiwa wakubwa, kutoka Subukia, kutoka Kinangop, kutoka popote palipo baridi: weupe, hata yule Mwaura ambaye mama yake aliapa kwamba hajui mswaki ni nini.

Nilimpelekea Wangare ugunduzi huo tukiwa tunatwanga mahindi.

"Wewe meno yako hukuyasafisha," nilimwambia. "Ulikuja nayo."

"Nani alikwambia?"

"Nimehesabu."

"Hesabu za mtu aliyefukuzwa shule!" Alicheka, kinywa wazi, kwa kuwa yeye angeweza. "Haya, profesa. Kama si mswaki, ni nini? Kule kuna nini ambacho hapa hakuna?"

Nilitua mchi. Nikatazama nje. Kiangazi chetu wakati huo kilikuwa kimeanza mapema, na upepo ulikuwa unanyanyua uwanja mzima na kuupeleka juu ya mabati. Subukia kulikuwa na kijani na matope. Huku kulikuwa na vumbi, jeupe na jembamba kama unga, lililoingia kwenye ugali, kwenye masikio, kwenye Biblia ya baba.

"Vumbi," nilisema.

Nakumbuka furaha ya neno hilo. Nilikuwa nimetafuta, nimehesabu, nimepata tofauti ya kweli kati ya mahali na mahali. Sikutambua kwamba kati ya Subukia na kwetu kulikuwa na tofauti mia, na kwamba nilikuwa nimechagua ile iliyokuwa machoni pangu dakika ile. Nilikuwa nimesimama foleni ya maji saa moja kila siku, debe mkononi, nikiuliza swali hilo, na jibu lilikuwa likitiririka mbele yangu kutoka kwenye mfereji.

Siku zile zile Kimani akaota jino. Nililisikia kabla sijaliona, liligonga kijiko. Lilikuwa jeupe pe. Nilifurahi kwa namna ambayo watu wakubwa wasingeielewa: kumbe jino huja safi. Kumbe tunaanza sote bila hatia. Niliapa kwamba huyu hatakaguliwa na mtu yeyote. Nilimfunika uso kwa kitambaa chepesi upepo ulipovuma. Nilifuta vijino vyake kila jioni. Na kwa kuwa vumbi lingeweza kuingia hata ndani ya tangi, nilimchemshia maji yake ya kunywa. Mama alichemsha maji mpaka yatoe mapovu, basi. Mimi nilisema kitu kilichochemka sana ndicho kisafi sana. Niliinjika sufuria asubuhi na kuiacha mekoni mpaka maji yaliyojaa yakabaki nusu, na hiyo nusu nikaifunika na kumnywesha Kimani kutwa nzima. Chini ya sufuria palibaki ukoko mweupe. Niliukwangua na kuutupa kwa chuki. Vumbi hilo, nilifikiri.

Mama alirudi siku moja akanikuta nikichuja yale maji kwa kitambaa safi. Alisimama mlangoni na ndoo yake ya maziwa.

"Unafanya nini, mama?" aliniuliza.

Aliniita mama. Nilikaza kitambaa nikaendelea kuchuja.

Mwezi wa saba ulipofika katikati, meno yangu yalikuwa yale yale na ufizi wangu ulikuwa umevimba. Tata Wambui alikuwa ameshatuma kuuliza kipimo changu cha gauni. Alasiri moja nilikwenda tangini mapema, hakukuwa na foleni, na nyuma ya nguzo za mawe nikasikia sauti niliyoijua kuliko sauti yangu: mchanga juu ya jino.

Alikuwa Rebeka. Sasa alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza, na meno yake ya mbele ya kitoto yalikuwa yameng'oka na kuacha nafasi kwa meno ya ukubwa. Alikuwa amechuchumaa, mchanga umejaa kiganjani, mdomo una damu.

"Usimwambie baba," alisema.

"Nisimwambie nini?"

"Yanaingia rangi." Alianza kulia. "Baba anasema ni sukari. Anasema nimeiba sukari. Na mimi sijaiba."

Nilimshika kidevu nikamgeuzia kwenye mwanga, kama mama alivyonifanya. Meno mapya mawili yalikuwa na mabaka kama chaki, na katikati ya chaki hiyo ulipita mstari wa kahawia. Wangare alikuwa ameniambia kwamba siku hizi mwalimu hamwiti Rebeka mbele siku ya Jumatatu. Nilikuwa nimedhani amekuwa mkubwa mno.

"We Njeri! Unamfanyia nini mtoto?"

Mwalimu Obadia alikuwa amekuja kumtafuta. Niliachia kidevu. Rebeka aliinua uso kwake na kufungua kinywa ili alie vizuri, na sote watatu tukabaki hapo, kinywa hicho kikiwa wazi katikati yetu.

Nilimuuliza, nami sikukusudia kumchoma, nilitaka kujua kwa ajili ya orodha yangu: "Mwalimu, huyu hupiga mswaki?"

"Kila siku," alisema. "Mimi mwenyewe humpigisha. Kwa dawa ya meno ya dukani."

Ningependa kuandika kwamba nilimrudishia lile swali lake, nani mwongo, yeye au meno. Sikusema. Nilifungulia mfereji, maji yakaanza kulia ndani ya debe, na tulisikiliza mpaka likajaa. Kisha Mwalimu Obadia, ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata kiti, alinyanyua debe langu, akaliweka mgongoni mwangu na kusubiri nikaze ukanda kwenye paji la uso. Maji yalimwagika kwenye shati lake lililopigwa pasi.

"Jumatatu uje shule."

"Na meno, mwalimu?"

"Njoo na kalamu."

Jumatatu alikagua kucha, nywele na kola. Alipofika mwisho wa mstari alisema tuingie darasani. Hakueleza, wala hakuna aliyeuliza. Watoto walijua sababu: Njeri amesugua mpaka yametoka. Nyumbani mama alinichunguza kinywa kwenye mwanga wa mlango na kusema, "Kweli yamepungua rangi." Hayakuwa yamepungua. Nilikuwa nimerudishwa shuleni, kwa hiyo yalikuwa yamepungua. Juma hilo mama wawili wa jirani walikuja kuazima jiwe langu. Tata Wambui alipokuja mwezi wa nane baba alimpa kuku na kumwambia mtoto amerudishwa na mwalimu, na yeye akaondoka na gauni alilokuwa amenishonea. Mwaka uliofuata Mwalimu Obadia aliomba uhamisho. Alituaga kwa maneno machache, akasema vumbi la hapa halimfai mtoto wake. Niliposikia hivyo nilitikisa kichwa kama mtaalamu anayeungwa mkono na mwenzake.

Nimesimulia mpaka hapa na wengi wangependa niishie hapa, maana nilishinda.

Lakini niliendelea kuchemsha maji. Nilichemsha kabla ya kwenda shule na niliporudi, miaka yote ya utoto wa Kimani, na nilipokwenda shule ya bweni nilimwachia mama maagizo, naye aliyafuata kwa imani. Kimani alipofika miaka saba meno yake ya ukubwa yalitoka. Yalikuwa mabaya kuliko yangu. Yalikuwa na vishimo, na baada ya mwaka yakawa kama mahindi yaliyoungua kwenye jiko. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimerudi likizo, na nilijua kila kitu kuhusu kisa hicho. Nilijua amekingwa na vumbi. Nilijua amenyweshwa maji safi kuliko mtoto yeyote wa shamba. Nikaondoa sababu moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wangu ule ule, na ikabaki moja.

"Hupigi mswaki," nilimwambia.

"Napiga, dada."

"Nimekulea mimi. Nakujua. Ni uvivu."

Nikamsimamia mlangoni na kijiti, na alipodanganya, maana niliamini anadanganya, nilimchapa.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, karani katika ghala la nafaka hapa Nakuru, niliponunua kwa mwuza vitabu wa kando ya njia kitabu cha afya kilichopoteza jalada. Sikuwa nimepata elimu kubwa. Nilisoma chochote kilichopita. Ukurasa mmoja ulieleza kuhusu madini yanayopatikana katika maji ya visima virefu vya bonde letu, ambayo huingia ndani ya jino linapotengenezwa, mtoto akiwa bado hajafika miaka minane, wala mswaki hauwezi kuyafikia. Mistari miwili chini yake ilisema kwamba kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Maji hupungua, madini yakabaki. Nilisoma mistari hiyo nimesimama. Halafu nikaketi chini, sakafuni, kati ya magunia.

Sitadai zaidi ya ninavyojua. Maji yale yangetosha kumharibu Kimani bila msaada wangu. Lakini msaada wangu ulikuwepo, nusu sufuria kila siku.

Yeye wakati huo alikuwa fundi wa magurudumu Mai Mahiu, kwenye malori. Nilimwendea Jumapili. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kisima, orodha, vumbi, sufuria. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Kwa hiyo ile fimbo ilikuwa ya bure," alisema.

"Ilikuwa ya bure."

"Na mimi nilikuwa nasema ukweli."

"Ulikuwa unasema ukweli."

Alilikunja tambara. "Dada, wewe mwenyewe walikufanyia hivyo hivyo. Si ungeniamini wewe, hata kama wengine wote wamekataa?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Nilipokuwa mtoto nilidhani kosa la Mwalimu Obadia lilikuwa kutonionea huruma, na kwamba aliyepita mahali pale hawezi kumfungia mwenzake humo. Baadaye ndipo nilielewa kwamba huruma nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni shaka kidogo tu juu ya hesabu yangu mwenyewe, hasa pale ilipotimia vizuri mno.

Nilimjibu kwamba nisingemwamini. Alicheka, mkono mbele ya kinywa, kama tuchekavyo sisi wa shamba lile.

Mke wake alitoka nyumbani na mtoto wao begani, wa miezi sita, na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. "Msiwe na wasiwasi, ya mtoto nimeyachemsha sana," alisema. "Mama alinifundisha vile mnafanya kwenu."

Kimani aliniangalia. Nilimwomba wifi yangu asimpe. Alisimama na kikombe mkononi, akaniuliza kwa heshima zote ampe nini basi, kwa sababu hapo Mai Mahiu maji ni hayo ya kisima, na jua lilikuwa kali, na mtoto alikuwa na kiu.